Mabosi wawili, Kiingereza viwili, na mimi katikati

Mimi nahariri ripoti za Kiingereza nikiwa Dar, na kuna kazi moja ilinipa presha kwa sababu wakubwa walikuwa wawili, mmoja London mwingine Chicago, halafu wote wanafungua faili lile lile. Huyu wa Chicago anaandika "has gotten worse", wa London anafuta anaweka "has got worse", asubuhi nikifungua naikuta "gotten" imerudi tena, na wote wananitumia meseji mimi niamue nani yuko sahihi.

Sasa hapo usikubali kuwa refa. Kwa sababu "gotten" yenyewe ni ya Waingereza wa zamani, walowezi wakaondoka nayo kwenda Marekani, kule London yenyewe ikaja ikapotea, so Mmarekani hajaharibu kitu. Tena yeye anazitofautisha, "have got" ni kuwa nacho tayari, "have gotten" ni kukipata au kuwa hivyo. Na lile la "the team are" na "the team is" wala halikunisumbua, mbona sisi wenyewe tunasema Yanga wamefunga na Yanga imefunga na hakuna anayegombana (labda watu wa Simba lol).

Nilichofanya niliandika karatasi moja tu, nikaweka vitu vyote wanavyovutania, nikawaambia chagueni upande mmoja mnitumie kabla sijagusa tena hiyo ripoti. Tahajia ya nani, "team" inachukua "is" au "are", koma kabla ya "and" ya mwisho kwenye orodha iwepo au isiwepo. Kwenye koma, yule wa London alinicheka eti kitu kidogo, nikamwambia ya madereva wa Oakhurst Dairy kule Maine, sheria ya ovataimu ilitaja kazi ambazo hazilipwi ovataimu, mwishoni ikaandikwa "packing for shipment or distribution" bila koma kabla ya "or", madereva wakasema hiyo ni kazi moja ya kufungasha, sisi tunasambaza tu kwa hiyo ovataimu yetu tupeni. Mahakama ya rufaa 2017 ikawa upande wao, mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Hakucheka tena, koma ikapita.

Tarehe sikuwauliza, niliamua mwenyewe, maana 03/04 kwa Mwingereza ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi, so mwezi nauandika kwa jina basi. Wakachagua Kimarekani, nikaenda kwenye Word nikaseti lugha ya faili zima iwe ya Marekani ile mistari myekundu ikapungua, kazi ikaenda.

Kilichobaki ni "data is" na "data are", hiyo wamegoma kabisa kukubaliana, nikaibadilisha sentensi kila ilipotokea ili "data" isiwe mtenda. Hakuna aliyegundua mpaka leo.