Kutoka Warwick hadi Beaulieu: nyayo za Anne Beauchamp

Treni ya kutoka Marylebone, London, haimalizi saa mbili kabla ya kufika Warwick. Wageni wengi wakishuka huelekea moja kwa moja kwenye ngome. Mimi nilipandisha kilima hadi kanisa la Mtakatifu Maria, maana nilikuwa nafuatilia habari za Anne Beauchamp, mwanamke wa karne ya 15 aliyerithi cheo cha Earl wa Warwick (Earl ni cheo cha juu cha ukabaila wa Uingereza), na baadhi ya wenye cheo hicho wamelala pale.

Cheo ni cha tangu 1088. Mfalme William wa Pili alimpa Henry de Beaumont, miaka 20 baada ya baba wa mfalme huyo kuamuru ngome ijengwe kando ya Mto Avon. Vitabu husimulia mapanga ya wanaume waliokishika, lakini ukiufuata mti wa ukoo utaona mara kwa mara kinavuka kupitia mwanamke. Ukoo wa Mauduit ulikipata kwa mama. Mwaka 1268 kikaenda kwa William de Beauchamp, naye pia kwa mama yake, Isabel Mauduit.

Moto wa 1694 uliteketeza sehemu kubwa ya kanisa, ila kikanisa cha ukoo wa Beauchamp kilinusurika, na namshukuru Mungu kwa hilo. Katikati amelala Richard Beauchamp, aliyefia Rouen mwaka 1439 akiwa mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini Ufaransa. Sanamu yake ni ya shaba iliyopakwa dhahabu, na fundi alikuwa stadi hata mishipa ya mikono inaonekana. Viganja havijagusana kama vya mtu anayesali. Vimeachana kidogo, na macho yanamtazama Bikira Maria aliyechongwa darini.

Nilichuchumaa. Kuzunguka kaburi wamesimama waombolezaji 14 wa shaba, wanaume saba na wanawake saba, wote watu wa familia. Mzee mmoja anayejitolea kuwaongoza wageni aliniinamia na kunionyesha kwa kidole: yule ni Richard Neville, na yule ni mkewe, Anne, binti wa marehemu. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili ya Anne.

Kaka yake, Henry, alifariki 1446. Binti mdogo wa Henry naye akafariki 1449, hajafikisha hata miaka sita. Hivyo cheo na mali vikamwangukia shangazi mtu, Anne, na kwa kumwoa yeye Neville akawa Earl wa Warwick. Huyu ndiye anayeitwa Mtengeneza Wafalme: alimsaidia Edward wa Nne kutwaa kiti 1461, kisha akamgeuka na kumrudisha Henry wa Sita 1470. Nguvu zote hizo zilisimama juu ya urithi wa mke. Naona ni dhuluma kwamba jina la mume linajulikana na kila mpenda historia, na la mke halitajwi.

Ngomeni nilipita haraka. Minara yake ya karne ya 14 inastahili sifa, lakini Anne simkuti pale.

Kwa hiyo nikashuka kusini, treni hadi Brockenhurst, kisha teksi kupitia New Forest, ambako farasi wadogo hutembea barabarani wapendavyo na magari huwasubiri. Beaulieu ilikuwa abasia ya watawa. Tarehe 14 Aprili 1471 Neville aliuawa vitani Barnet, akipigana na Edward wa Nne aliyekuwa amerudi kudai kiti chake. Anne, ndiyo kwanza ameshuka melini kutoka Ufaransa, aliposikia habari alikimbilia hapa kuomba hifadhi ya kanisa. Akawa salama, na papo hapo mfungwa, kwa kuwa Mfalme Edward alimwamuru abate, mkuu wa watawa, amweke chini ya ulinzi.

Hakukaa kimya. Aliandika barua kwa mfalme, malkia, mabinti wa kifalme na wakwe zake. Aliliandikia hata Bunge, akieleza kwamba kwa kukosa makarani ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Hapo kwenye nyasi, pale ambapo leo mpaka wa kanisa lililobomolewa umewekewa alama tu, nilisimama muda mrefu nikiiwaza barua hiyo. Mwanamke aliyekuwa na mali kuliko karibu wote nchini, hana hata karani.

Jibu lilikuja 1474. Bunge liliamua mali yake igawanywe kati ya mabinti zake wawili, yaani kati ya waume zao, George na Richard, ndugu wa mfalme, kana kwamba Anne amekwisha kufa. Alikuwa hai, na aliishi hadi 1492. Henry wa Saba alimrudishia mali 1487, kwa shabaha kwamba aikabidhi kwa ufalme, na ndivyo ilivyokuwa. Mjukuu wake Edward, Earl wa Warwick, alikuwa kifungoni tangu utotoni. Akakatwa kichwa 1499. Cheo kikakaa bila mwenyewe hadi 1547, kilipopewa John Dudley.

Ukumbi ambamo watawa walikuwa wakila chakula sasa ni kanisa la parokia, na mimbari ya mawe ya msomaji ingali ukutani. Niliingia, nikakaa kidogo, kisha nikamwita dereva. Safari ijayo ni kaskazini, Middleham, kwenye ngome ya mkwewe Richard, alikopelekwa 1473 alipotolewa hapa.