Tunakula mkekani, Bobi anakaa kwenye gunia lake

Maelekezo mengi ya kumfundisha mbwa adabu wakati wa kula yameandikwa kwa ajili ya watu wanaokula mezani, mbwa yuko chini anaangalia juu anaomba. Kwetu hapa Morogoro jioni tunakula mkekani, joto likizidi tunahamia kibarazani, sinia la ugali liko chini, mboga pembeni, na pua ya Bobi, mtoto wetu wa mbwa wa miezi minne, inafika kwenye bakuli la samaki bila shida yoyote. Yani hana haja hata ya kuruka. Kwa hiyo kumwambia "kaa" haitoshi, anaweza akakaa vizuri kabisa huku mdomo uko kwenye sinia. Tulichohitaji ni awe na sehemu yake mbali kidogo na mkeka, sehemu ambayo akiona tu watu wanaanza kunawa mikono anaenda mwenyewe bila kufukuzwa.

Sehemu yenyewe ni gunia la katani nililonunua pale soko la Chifu Kingalu, nikalikunja mara mbili nikaliweka ukutani karibu na mlango wa jikoni. Gunia ni zuri kwa sababu linahamishika, tukila ndani linakuja ndani, tukila nje linatoka nje, na mbwa anajua mpaka wa sehemu yake uko wapi maana analisikia miguuni.

Tulianza mchana, mkekani hakuna chakula chochote. Mkononi nilikuwa na dagaa wakavu wa Mwanza niliowaosha kutoa mchanga nikawaanika tena. Narusha mmoja juu ya gunia, Bobi anamfuata, miguu yote minne ikishaingia naongeza wa pili, akilala chini anapata wa tatu, na huyo wa tatu simrushii, naenda namwekea katikati ya miguu yake ya mbele ili asiwe na sababu ya kunyanyuka. Hapo ndo kazi yote ilipo jamani. Ukimrushia pembeni unamfundisha kutoka, ukimwita aje achukue kwako ndo kabisa, anajua kizuri kipo ulipo wewe. Dagaa lazima amkute palepale alipolala, na amkute haraka, ukichelewa kidogo tu akawa ameshasimama basi umemlipa kwa kusimama.

Akishalielewa gunia tukaweka sahani tupu mkekani. Halafu ugali. Halafu maharage. Samaki wa kukaanga tulimwacha mwisho maana harufu yake hata mimi inanitoa chumbani. Kila tukipandisha kitu kipya dagaa wanaongezeka, mtu wa karibu anaamka anampelekea kimoja pale pale alipo, tunakula kidogo, anapelekewa kingine, halafu taratibu unaachanisha muda, mpaka inafika anakaa mlo mzima na anapata dagaa wake watu wakishamaliza. Vipindi vya zoezi viwe vifupi, mbwa mdogo akichoka anakuwa kama mtoto aliyenyimwa usingizi, hashiki kitu.

Kuna jambo lilinifurahisha sana. Sisi kabla ya kula lazima jagi na beseni vizunguke kila mtu anawe, na baada ya muda maji yakianza tu kumwagika kwenye beseni Bobi huyoo anaelekea kwenye gunia kabla mtu hajasema neno. Ndo mambo aliyoyaona Ivan Pavlov kule Urusi, yule aliyepata Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake ya mmeng'enyo wa chakula, mbwa wake walikuwa wanatoa mate hata kabla chakula hakijafika kwa sababu ya vile vitu vilivyokuwa vinatangulia chakula. Sasa kama nyumbani kwenu kuna kunawa kwa beseni, tumia hiyo, ni ishara nzuri kuliko kupaza sauti na inatokea kila siku kwa mpangilio uleule.

Mama mkwe alipokuja kutusalimia alikuta Bobi anapewa chakula chake kama nusu saa kabla yetu, hakupenda. "Mwanangu, tangu lini mbwa akala kabla ya watu? Huyu atawapanda kichwani." Nikamwambia, "Mama, akiwa ameshiba hatakusogelea, utakula kwa raha." Ninamheshimu sana mama na najua wengi wanaamini hivyo, kwamba mbwa lazima ale mwisho ili ajue nani mkubwa, lakini mtoto wa mbwa hafikirii ukubwa, anafikiria njaa. Huyu wa miezi minne anakula mara tatu kwa siku, tumbo lake dogo, ukimnyima mpaka saa tatu usiku halafu ukampitishia samaki puani unataka afanye nini? Akishakula nampa karoti nzima iliyotoka kwenye friji aitafune pale kwenye gunia huku tunamwona. Umri huu meno yanabadilika, fizi zinawasha, na kitu cha baridi kinamtuliza.

Kelele nazo. Kuna siku anaamua kubweka, na hapa ndo familia nyingi zinaharibu, kwa sababu anabweka kidogo mnakausha, anabweka zaidi mnakausha, anabweka mpaka mnashindwa kusikilizana halafu mjomba anasema mpeni tu kipande anyamaze. Sasa hapo amejifunza kwamba kubweka kidogo hakulipi, kubweka sana kunalipa. Ukiamua kukausha kausha mpaka mwisho, na ujue kabla tabia haijaisha inaweza kupanda kwanza, ile kupanda sio dalili kwamba umeshindwa, usikate tamaa hapo. Na mbaya kuliko yote ni kumpa leo, kesho hapana, keshokutwa kidogo. Mbwa anayepewa mara mojamoja anaomba kwa bidii kuliko anayepewa kila siku, maana hajui leo ni siku gani.

Akitoka kwenye gunia akija mkekani, aliye karibu anaamka, anamrudisha kwa kamba taratibu, hakuna kusema. Watu sita wakipiga kelele "toka! toka!" kwa wakati mmoja, kwake hiyo ni sherehe, kaitiwa watu wote wanamtazama. Na kumpiga na kandambili au mwiko sikubaliani nako kabisa, nalisema hili kwa moyo wote. Mbwa anayepigwa karibu na chakula anajifunza kuogopa mikono ya watu karibu na chakula, na akikua ndo yule anayemng'ata mtoto aliyepita karibu na bakuli lake.

Kwa hiyo watoto nao wana masharti yao, na haya nayasimamia kwa ukali. Bobi akila haguswi, bakuli lake halivutwi hata kwa utani. Mimi mtu mzima nikipita karibu yake akiwa anakula namdondoshea kipande cha nyama kwenye bakuli halafu naendelea na safari yangu, azoee kwamba mtu akija chakula kinaongezeka. Chanjo ya kichaa cha mbwa alichomwa alipofikisha miezi mitatu na itarudiwa, na watoto wanajua hata akiwakwaruza na jino kwenye kucheza waje waseme, jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali, sio kupaka dawa ya meno na kunyamaza.

Sasa kuhusu kumpa makombo, hili wengi hawalijui na linaniuma. Mchuzi wetu wote una vitunguu, na vitunguu maji na saumu vinaharibu damu ya mbwa, vikipikwa haviachi kuwa sumu. Zabibu za kwenye pilau hapana, zinaweza kuua figo. Chokoleti hapana. Bigijii zisizo na sukari ndo hatari kubwa kabisa kama zina zailitoli, ile inayowekwa badala ya sukari. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha, inatoboa utumbo, ingawa kila mtu atakwambia mbwa wa kwao kaila miaka yote. Chakula cha Bobi ni ugali wa dona na dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa vikatolewa miiba, bila kitunguu bila chumvi, kinapikwa kwenye sufuria yake. Watoto wanamaliza kula wanakusanya mifupa wote kwenye sahani moja, mkubwa wao anaipeleka kwenye ndoo yenye mfuniko kabla mkeka haujakunjwa.

Majirani zetu wengi ni Waislamu na wanakuja kula kwetu, sisi tunaenda kwao. Kwao ulimi wa mbwa ukigusa chombo ni suala zito la dini, kwa hiyo vyombo vya Bobi vina rangi yake, vina dodoki lake, vinaoshewa nje kwenye bomba la bustani, havikutani na vya watu hata siku moja. Wageni wakija gunia linahamia nyuma ya nyumba na Bobi analifuata na karoti yake. Hilo nimelifanyia mazoezi peke yake, gunia sehemu ngeni, watu wageni, kwa sababu mbwa akijua kukaa kibarazani haimaanishi anajua kukaa nyuma ya nyumba, inabidi uanze karibu na mwanzo tena, ila safari hii anashika haraka.

Kinachofuata ni shemeji yangu anayekuja mwezi ujao na ana tabia ya kuchovya tonge akalipitisha nyuma ya mgongo. Nimeshaongea naye kwenye simu, nimemwambia shemeji dagaa wa Bobi watakuwa kwenye kikombe karibu yako, ukisikia moyo wa kumpa kitu amka umpelekee pale kwenye gunia, amelala, katikati ya miguu. Kakubali. Na akifikisha miezi sita tunampunguzia milo kutoka mitatu kwenda miwili, wa mchana unaondoka, wa jioni unabaki palepale kabla beseni halijazunguka.