Mpelelezi wa Kaole: wiki ya tisa, ramli imeniharibia sura ya nne

Maneno 14,200 mpaka jana usiku. Wiki iliyopita yalikuwa 16,000, kwa hiyo ndiyo, narudi nyuma. Sura ya nne nimeitupa yote.

Kwa anayekuta habari hii katikati: naandika riwaya ya upelelezi ule mkavu wa Kimarekani, wenye mpelelezi aliyefulia, mji uliooza na wakubwa wanaonunulika. Ila nimeuhamishia kwenye mji wa pwani wa mwaka 1400 hivi, wenye majini ya kweli. Mji wenyewe nimeuchora kwa kuzungukazunguka magofu ya Kaole, kilomita kama 5 kusini ya hapa Bagamoyo. Kesi inaanza na bakuli la kijani la Kichina lililong'olewa usiku kwenye nguzo ya kaburi. Mabakuli ya Kichina yalipachikwa kweli kwenye makaburi ya nguzo ya Kaole. Nilipoona palipobaki shimo tu, nikajua hadithi ninayo.

Sasa ramli. Kwenye mji ambao mganga anapiga bao na jini anamjibu, mpelelezi wa nini? Mjane mwenye kaburi angemlipa mganga, akatajiwa mwizi kabla ya magharibi, na kitabu kikaishia ukurasa wa 12. Kwanza nilijaribu jini mwongo. Ovyo: jini akidanganya mara moja, msomaji haamini tena ushahidi wowote. Nikamvisha mwizi hirizi ya kumziba jini mdomo. Ovyo zaidi, maana kuanzia hapo kila mhalifu atavaa hirizi.

Aliyenitoa ni shangazi, ambaye hajawahi kusoma riwaya hata moja. Nilimweleza shida yangu akiwa anakuna nazi. Hakuinua hata uso.

"Sasa mwanangu, jini si anajibu alichoulizwa? Huyo mganga kauliza nini?"

Basi. Jini hasemi uongo. Mganga ndiye mwenye bei. Kadhi analetewa jibu bila kusikia swali, na mji mzima umezoea hivyo. Mpelelezi wangu, nahodha aliyenyang'anywa chombo chake, mtepe, hamtafuti mwizi kwanza. Anatafuta swali lililoulizwa, na nani alilipia liulizwe hivyo.

Tatizo jingine lilikuwa sigara ya mpelelezi. Tumbaku asili yake Amerika, haikuwapo huku kabla ya Wareno. Kwa hiyo bwana huyu anatafuna tambuu, na nimeipenda kuliko moshi: kupaka chokaa kwenye jani na kukunjia popoo kunampa nafasi ya kunyamaza mbele ya tajiri anayemtisha. Halafu mate mekundu ukutani ni ushahidi mtamu. Msafiri Ibn Battuta mwenyewe alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa tambuu na popoo, kwa hiyo hapo sina wasiwasi.

Kibaya, sheria hiyohiyo imefagia mahindi, korosho, pilipili kali na mihogo. Nilikuwa na ukurasa mzima wa muuza mihogo ya kuchoma anayejua siri za bandari. Niliupenda mno ukurasa ule. Sasa anauza ndizi.

Sauti ya msimulizi bado inanisumbua. Akipigwa tu, anaanza kuongea kama filamu iliyotafsiriwa. Hilo nitaliacha kwanza. Kesho alfajiri naandika upya kikao cha kadhi, safari hii nahodha akiwa nje, sikio kwenye mlango wa mganga.