Nilichagua kada ya afya kwa kuhesabu dakika

Sikuchaguliwa kusoma udaktari. Jamaa zangu wakanifariji kwa sentensi moja: "Basi soma hata hizo nyingine." Hilo "hizo nyingine" liliniudhi, ingawa mimi mwenyewe nilikuwa naziita hivyo hivyo. Kwangu hospitali ilikuwa ya daktari na muuguzi. Waliobaki walikuwa watu wa maabara na watu wa eksirei, basi.

Kumbe sayansi shirikishi za afya, yaani hizo kada nyingine, ni pana. Kuna maabara, mionzi, fiziotherapia, tiba kazi, tiba ya usemi, lishe, uoptometria (upimaji wa macho), utengenezaji wa viungo bandia. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza watu ipi ina soko. Kila mtu alinisifia ile ya mtoto wa shemeji yake, nami nikabaki na majibu manane yasiyonisaidia.

Nikaamua kwenda kutazama. Niliandika maombi ya kukaa siku chache katika kila idara itakayonikubali. Wengine hawakujibu. Walionikubali walinipa masharti: nisiguse kitu, habari za mgonjwa zisitoke nje, na mgonjwa aulizwe kwanza kama anaridhia niwepo. Asiporidhia, natoka. Nilibeba daftari dogo bila kujua hasa nitaandika nini.

Nilianzia kwenye mionzi kwa sababu ya mashine, sifichi. Nilidhani kazi ni kubonyeza kitufe. Nikamwona mtaalamu akimsimamisha mzee mmoja, kifua kikigusa ubao unaopokea picha na mionzi ikitokea mgongoni. Akanieleza kwamba moyo uko upande wa mbele, hivyo ukiwa karibu na ubao picha haiukuzi kupita kiasi. "Mzee, vuta pumzi. Ishikilie." Picha ikapigwa, mzee akavaa shati, akaenda zake. Kwa mazoea tu nikatazama saa: dakika sita. Jioni nilijikuta namwaza yule mzee. Ana nini? Atapona? Nilipomuuliza mtaalamu alicheka: "Wangu ni huyu aliyepo mlangoni sasa hivi." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoipenda kazi yake.

Siku hiyo daftari likapata kazi: kuandika dakika ambazo mtu wa kada fulani hukaa na mgonjwa mmoja.

Maabara niliandika sifuri, na nikadhani hapo pamenishinda. Halafu ikaja sampuli ambayo majibu yake yalionyesha potasiamu imepanda mno na kalsiamu karibu haipo kabisa. Mimi nilishtuka. Mteknolojia wala hakushtuka, alipiga simu wodini akauliza kama mgonjwa anaongea. Anaongea vizuri tu. Akaagiza damu nyingine, kisha akanionyesha chupa ya kifuniko cha zambarau. Ndani yake mna EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo hukamata kalsiamu, na kwa kawaida huwa katika umbo la chumvi ya potasiamu. Mtu alikuwa amemimina damu ya chupa hiyo kwenye chupa ya kipimo kingine. Kama majibu yale yangetoka yalivyo, mgonjwa angetibiwa ugonjwa asiokuwa nao. Huyu mteknolojia hakumwona mgonjwa hata kwa dakika moja, na pengine ndiye aliyemwokoa siku ile. Nilimheshimu sana. Nikajua pia kwamba mimi nisingeweza kuishi bila kuiona sura ya mtu.

Famasi na lishe nilipita haraka, siku moja moja, kwa hiyo sina haki ya kuzisemea. Fiziotherapia nilikaa siku nne na karibu nibaki huko. Wagonjwa wale wale walirudi, nusu saa, dakika arobaini, na goti lililokataa kukunjwa Jumatatu likakunjika kidogo Alhamisi.

Kilichonihamisha ni chumba cha jirani, cha tiba kazi. Jina hili limewapotosha wengi, na bado kuna ndugu yangu anayeamini nasomea kutafutia watu ajira. "Kazi" hapa ni shughuli yoyote inayoijaza siku ya mtu: kuoga, kupika, kuandika, kucheza kama ni mtoto. Niliwakuta mtaalamu na baba mmoja aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Walikuwa na shati tu, hakuna mashine. "Baba, mkono dhaifu huvaa wa kwanza na kuvua wa mwisho," mtaalamu akamwambia, kisha akanyamaza. Baba akalitandaza shati mapajani, akaupitisha mkono uliolala, akavuta hadi begani, ndipo akaingiza ule mzima. Dakika kumi na nane kwa shati moja. Alipomaliza alijitazama kifuani kwa muda mrefu. Nikaandika 18, nikaipigia mstari.

Kabla ya kulipa ada nilifanya mambo mawili ambayo ningemshauri yeyote. Niliuliza bodi inayosajili wataalamu kama inakitambua chuo na kozi yenyewe, kwa sababu cheti kisichosajilika hakikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Pia niliuliza saa za mafunzo kwa vitendo. Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi, lililoanzishwa mwaka 1952, linataka zisipungue 1,000. Chuo kimoja kilikwepa swali hilo mara mbili, nami nikakikwepa.

Yapo yanayochosha, na niliyauliza wazi. Mtaalamu wa miaka mingi aliniambia kinachomchosha si wagonjwa. Ni kueleza kila wiki, hata kwa wenzake wa wodini, kwamba yeye si wa kuwachezesha wagonjwa michezo. Na makaratasi.

Sasa niko kwenye mafunzo kwa vitendo. Mgonjwa wangu wa kwanza ni mama aliyevunjika mkono karibu na kifundo, vidole vikabaki vigumu. Anataka kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe. Juzi alifunga viwili, cha tatu kikamponyoka, mara ya nne, ya tano. Mkono wangu ukaanza kwenda wenyewe kumsaidia. Msimamizi akanitazama. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, nikasubiri.

"Bado kidogo, mwanangu," mama akasema, akikitafuta tena.