Uzi mwekundu kwenye kikombe cha mama

Kikombe chenyewe ni cha bati, cheupe, kimebanduka rangi mdomoni. Uzi nilioufunga kwenye mkono wake ni wa cherehani, mwekundu. Niliuzungusha mara saba nikapiga fundo. Nilitaka hata mtoto asiyejua kusoma akitambue: hiki ni cha bibi, usikiguse.

Mama ana sukari. Mwaka juzi alikanyaga kipande cha kifuu uani, hapa kwetu Ngamiani, wala hakuhisi. Niligundua mie nilipoona damu kwenye mkeka. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kuziba ile ya damu, basi mtu huumia bila maumivu na kidonda hukosa damu ya kukiponya. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule kidonda kilipogoma hadi wiki ya nne na kuanza kunuka, jirani aliniita pembeni: “Mwanangu, hilo donda ndugu hilo. Litawapitia nyumba nzima.” Na ushahidi alikuwa nao. Mama mkubwa ana sukari, na mama mdogo naye ana sukari. Nikaamini. Nikatenga kikombe, sahani, hata kata ya maji.

Mama alikipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akauangalia uzi, akasema, “Umefunga vizuri.” Hakusema lingine.

Miezi hiyohiyo chumba cha mbele alikuwa analala ami. Amefanya kazi miaka mingi kwenye mkonge, chumba cha kusafishia nyuzi, kwa hiyo kikohozi chake tulikihesabu kuwa cha vumbi la mkonge. Ikapita wiki ya pili, ya tatu, mwezi. Usiku alikuwa anatoka jasho hadi shuka linakamulika. Suruali zake nilizipunguza kiuno mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe, nikasema ni utu uzima. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa analala naye kitanda kimoja, dirisha limefungwa kwa ajili ya upepo wa kusi. Ami naye chai alikunywa kwenye kikombe chochote.

Makohozi yalipopimwa, ikawa kifua kikuu.

Muuguzi wa kliniki ya TB akaniuliza nani mwingine yupo nyumbani. Nikamtaja mama, nikamweleza na habari ya kikombe, nikidhani atanisifu. Akaweka kalamu chini. “Dada, sukari haina bakteria wala kirusi. Hicho kikombe kitabeba nini? Ukimsafisha kidonda, vaa glavu, nawa mikono, basi. Wa kufunguliwa dirisha alikuwa huyu.” Kifua kikuu chenyewe, akasema, hakipiti kwenye kikombe wala sahani. Hupita hewani, mgonjwa akikohoa au hata akiongea, na chumba kilichofungwa huihifadhi hiyo hewa. Kisha akanieleza lililonikata maini: mwenye sukari kinga yake hudhoofu, na hatari yake ya kuugua kifua kikuu ni kama mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine. Yaani yule niliyemtenga ndiye aliyestahili kukingwa.

Nimelifikiria sana lile la mama na dada zake. Watu wa chungu kimoja wana damu moja, chai yao ina sukari ileile, wali wao wa nazi ni uleule, na ugonjwa ukiwapata wote, anayetazama kwa nje huona wameambukizana. Ulaya walikosea kinyume chake: zamani wengi waliona kifua kikuu kinamaliza familia wakasema ni cha ukoo, mpaka tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alipotangaza kule Berlin kwamba amempata bakteria wake.

Mama alipimwa, yuko salama. Mtoto naye alipimwa, akaanzishiwa dawa za kinga. Ami alipewa dawa za miezi sita bila malipo: aina nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne. Wiki ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya chungwa, akaniita usiku kwa hofu. Ni dawa tu. Uzi niliukata siku ileile ya kliniki kwa mkasi wa kazini, mama anatazama. Nilimwomba radhi. Akanishika kichwa.

Ami amemaliza mwezi uliopita na kadi yake imefungwa. Kadi ya mama haina ukurasa wa mwisho. Kidonda kimejifunga, lakini vidonge ni vya kila siku, na miguu naikagua mie kila usiku kwa tochi ya simu, kidole kwa kidole. Leo asubuhi kabla hajala kipimo cha sukari kimesoma 9.2, na sisi tunaitaka iwe chini ya 7. Jumanne tunarudi.