Nyanya za Agosti kwa tambi za Februari

Hapa Lubumbashi nyanya zina majira yake, ingawa sokoni huonekana mwaka mzima. Wakati wa kiangazi, kama mwezi wa Agosti, bustani zinapomwagiliwa na majani hayapigwi na mvua, akina mama wa soko la Kenya, mojawapo ya kata za mji wetu, huziuza kwa mabeseni, nyekundu na ngumu. Ikifika Februari, mvua ikiwa imeshaozesha mashina, mtu hulipia nyanya chache zilizopasuka bei inayoumiza. Kwa kuwa umeme wa mtaani kwetu Katuba hukatika mara kwa mara, friza haikuwa tegemeo, nami nikaamua kujifunza kuhifadhi nyanya katika chupa.

Aliyenifungua macho ni mtawa mmoja mzee, mzaliwa wa Bologna, niliyemsaidia jikoni kwa miaka 2. Alinieleza kwamba kwao Italia familia nyingi hukusanyika mwezi huohuo wa Agosti kusaga nyanya za mwaka mzima, watoto wakiosha na wakubwa wakikoroga.

Mwaka wa kwanza nilioifanya kazi hiyo peke yangu, niliharibu chupa 14. Nilizichemsha kwa dakika 20, maji yakiishia shingoni, na baada ya wiki chache vifuniko vilivimba; niliyoifungua kwanza ilitoa povu na harufu ya pombe. Nilizimwaga zote bila kuonja, na iliniuma sana.

Mtawa aliponisikiliza, aliniuliza maji yetu yanachemka kwa joto gani. Bologna iko chini, karibu na usawa wa bahari, lakini sisi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Ndiyo sababu moja ya maharage yetu kuchelewa kuiva, na ndiyo sababu chupa zetu zinahitaji muda mrefu zaidi. Sasa naijaza chupa ya nusu lita kwa nyanya zilizosagwa zikiwa bado zinatokota, naifunga kwa kifuniko kipya, nafunga kitambaa kati ya chupa na chupa ili zisigongane, kisha naziacha dakika 45 kwenye sufuria iliyo juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, nikihesabu tangu maji yanapochemka na kuhakikisha yanavifunika vifuniko kwa vidole viwili. Kabla ya kufunga, natia kijiko 1 kikubwa cha maji ya limau ya dukani, ambayo ukali wake haubadilikibadiliki. Limau hilo halipunguziki hata kidogo: mbegu za bakteria wa botulinamu, wanaotoa sumu ya kuua, hazifi kwa maji yanayochemka, bali hushindwa kuota pale penye ukali wa kutosha, yaani pH (kipimo cha ukali; namba ikishuka, ukali huzidi) isiyozidi 4.6, na nyanya iliyoiva sana inaweza kuupita mpaka huo.

Tambi nazikanda mwenyewe kwa kipimo cha Bologna, yai 1 kwa gramu 100 za unga wa ngano. Mayai yakiwa madogo naongeza kiini kimoja. Donge likishapumzika nusu saa, nalisukuma kwa chupa tupu ya bia ya Simba mpaka nikiliinua dirishani nione kivuli cha vidole vyangu upande wa pili, kisha nalikunja na kulikata. Mtawa alikuwa mkali kuhusu upana, kwani mwaka 1972 watu wa Bologna waliandikisha rasmi kwamba tagliatelle, yaani tambi hizo bapa, ikishapikwa iwe na milimita 8.

Februari iliyopita mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na kando ya barabara akina mama walikuwa wakiuza bowa, wale uyoga wa njano wa msituni. Nilinunua lundo moja, nikawakaanga kwa kitunguu na kitunguu saumu, nikafungua chupa ya Agosti, ikatoa ule mlio mdogo wa hewa kuingia, nikaimwaga juu yao. Mama mkwe, ambaye kwa kawaida hashibi bila bukari, yaani ugali wetu, alikomba sahani, kisha akauliza zimebaki chupa ngapi.