Baba aliniuliza mzani

Kazi yangu pale uwanja wa ndege wa Arusha, Kisongo, ilikuwa kupima mizigo. Abiria wa Serengeti anakuja na begi lake, naliweka juu ya mzani, likizidi kilo 15 tunaanza mazungumzo. Wengi hawakujua kwamba yule dada wa mzani ana leseni ya urubani. Ni ile ya mwanzo, PPL, ya kurusha ndege ndogo bila kulipwa hata shilingi, na logibuku yangu, daftari la saa za kuruka, ilikuwa na saa 68. Ili nilipwe nilihitaji CPL, leseni ya urubani wa biashara, na kwa sisi tunaokusanya saa kidogo kidogo hiyo inataka saa 200. Ukiingia kozi kamili iliyoidhinishwa tangu siku ya kwanza unaweza kumaliza kwa 150, lakini hiyo treni ilikuwa imeshaniacha. Juu yake uongeze idhini ya kuruka kwa vyombo, kwamba upo ndani ya wingu, huoni hata ncha ya bawa, na bado unajua uendako.

Nilikuwa napungukiwa saa 132. Pesa nilizoweka miaka minne, pamoja na mchango wa ndugu, zilitosha kukosea mara moja tu. Nikakosea mara moja.

Shule hiyo siitaji, wala nchi iliko. Kwenye picha ilikuwa na ndege tano zimepangwa mstari, jua la jioni limezipiga, unatamani kulia. Nikatuma amana ya dola 1,500. Nilipofika nikakuta zinazoruka ni mbili. Ya tatu imeegemezwa kwenye magogo nyuma ya karakana, haina propela, buibui ametanda kwenye matundu ya kupoza injini na majani yamefika kwenye tumbo lake. Ya nne ni ya mteja aliyeiacha hapo itengenezwe. Ya tano ilishauzwa. Wanafunzi tulikuwa 22. Katika wiki tatu niliruka saa 4, siku nyingine nikikaa benchi na sare yangu iliyopigwa pasi kama mtu anayesubiri basi lililofutwa. Nikaondoka. Amana nilirudishiwa nusu, tena baada ya barua nyingi.

Nikarudi nyumbani Kibosho, aibu tupu. Baba ni mkulima wa kahawa, na maisha yake yote hajaamini mnunuzi yeyote kabla hajaona mzani wake. Anasimulia hadi leo jinsi walanguzi walivyokuwa wakija na mzani uliochezewa, gunia la kilo 50 likasoma 44. Jioni moja akanisikiliza nikihesabu bei za shule kwa saa, hii hivi, ile vile, akauliza, "Mwanangu, hizo saa unazonunua, zinapimwa kwa mzani gani?"

Sikuwa na jibu. Mimi, niliyeshinda mzanini kutwa nikibishana na Wazungu kuhusu kilo mbili!

Nilipofuatilia nikakuta mizani ipo miwili ndani ya ndege ileile. Upo unaoitwa Hobbs, ambao unahesabu kama saa ya ukutani: injini ikishawaka unatembea, uwe angani au umesimama kwenye foleni. Mwingine ni wa takometa, unaofuata mizunguko ya injini. Ukiwa juu kwenye mwendo wa safari unakimbia sawa na saa, lakini injini ikiunguruma polepole ardhini, nao unajikokota. Mwisho wa safari takometa huwa imesoma pungufu, aghalabu kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa hiyo shule mbili zinaweza kukutajia bei moja ya saa, na mmoja wenu akalipa zaidi bila kujua kwa nini.

Hapo ndipo nilipoanza upya, safari hii kwa daftari.

Chaguo zilikuwa tatu. Kubaki nyumbani ndiko moyo ulikotaka, lakini ndege niliyokuwa naikodi ilikuwa moja, na ikiingia matengenezo ya kila saa 100 za kuruka sote tunakaa chini. Afrika Kusini ilinivuta sana. Lanseria, pale nje ya Johannesburg, uko futi 4,517 juu ya usawa wa bahari, karibu sawasawa na Kisongo wenye futi 4,550, na saa ya kuruka ilikuwa nafuu. Nikajumlisha tiketi, viza ya masomo, pango na chakula cha mwaka, unafuu ukayeyuka. Ikabaki Nairobi, uwanja wa Wilson, wenye shule kadhaa ndani ya uzio mmoja. Unapanda shatoo Arusha asubuhi, unavuka Namanga, mchana uko Nairobi.

Mwinuko niliuwekea uzito kuliko marafiki zangu walivyoona busara. Kuna shule za pwani zenye bei nzuri, ndege inapaa kama mshale kwa sababu hewa ya chini ni nzito. Halafu unarudi Arusha kuomba kazi. Saa nane mchana joto likifika nyuzi 28, Kisongo inakuwa kama uwanja ulio futi 7,200 hivi: hewa nyepesi, injini inapumua kwa shida, mabawa yanakosa cha kushika, na mbele yako Meru umekaa kimya. Nilitaka kukosea nikiwa na mkufunzi pembeni, katika hewa ya aina hiyohiyo. Wilson uko futi 5,536.

Nilichukua likizo ya siku tano. Sikwenda ofisini kwanza. Nilikaa kwenye kibanda cha chai ambapo unaona ndege zikipita, nikaandika herufi za ubavuni za kila ndege ndogo ya mafunzo iliyopaa, na saa yake. Za Kenya zinaanza na 5Y, zetu 5H. Siku ya pili jioni daftari lilikuwa linaongea. Shule moja iliyojitangaza kuwa na ndege nane ilikuwa imerusha tatu zilezile. Nyingine, ambayo haina hata bango la maana, ilikuwa na nne na zote nne zilipaa siku zote mbili. Mama wa chai akaniuliza kama mimi ni mtu wa kodi.

Wanafunzi niliwapata palepale, wakila chapati. Swali nililowauliza ni moja: "Mwezi uliopita uliruka saa ngapi?" Maana ukimuuliza mtu kama shule yake ni nzuri, anaitetea kama timu yake ya mpira. Ukimuuliza saa, anafungua logibuku. Kijana mmoja alikuwa na 3. Dada mmoja wa ile shule isiyo na bango alikuwa na 17. Aliniambia pia jambo ambalo lisingenijia: niulize petroli ya ndege inatoka wapi. Caravan, zile ndege za kubeba watalii, zinatumia mafuta ya taa ya ndege, lakini ndege zetu ndogo za pistoni zinakunywa avgasi, ile ya rangi ya buluu, na ikiadimika shule isiyo na akiba inafunga mafunzo huku malipo ya pango lako yakiendelea.

Ndipo nikaingia ofisini. Yule mkufunzi mkuu, mzee wa makamo, nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba huku akicheka, eti Wakenya wamemsahaulisha. Nikaomba kuona cheti cha shule, nikakisoma hadi nyuma kuona kimeidhinishwa kwa mafunzo gani, maana ya PPL si lazima yawe na ya vyombo. Nikaomba cha simuleta pia, ile mashine ya kuigizia urukaji ukiwa ardhini. Idhini ya vyombo inataka saa 40 za vyombo, na sehemu yake unaweza kuifanya kwenye simuleta, lakini simuleta ambayo cheti chake kimeisha ni mchezo wa kompyuta tu, saa zake hazihesabiki. Nikaomba kuona daftari la matengenezo la ndege moja niliyoichagua mwenyewe. Akalileta bila kukunja uso. Kule shule nyingine niliambiwa fundi ameondoka na ufunguo.

Bei yao kwa saa ilikuwa juu ya jirani kwa dola 15. Lakini walitoza kwa takometa, na jirani kwa Hobbs. Wilson ina shughuli nyingi. Nilipima foleni ya kupaa asubuhi nikapata dakika 15 mara kwa mara. Safari 100 za namna hiyo ni saa 25 umekaa ardhini. Ni kweli logibuku inazihesabu, kwa kuwa ndege imeshaanza kutembea kwa nguvu yake, lakini hakuna aliyejifunza kutua akiwa kwenye foleni. Nilipiga hesabu yote mbele ya mzee huyo, naye akanirekebisha mahali nilipojipunja.

Kabla ya kulipa nilirudi kwetu kufanya mawili. Nikaiandikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kuuliza leseni ya Kenya itabadilishwaje kuwa yetu na ni mitihani gani nitarudia. Jibu la maandishi nimelihifadhi. Halafu nikapima afya daraja la kwanza. Hili la pili ningeshauri lianze kabla hujauza hata kuku. Namfahamu jamaa aliyelipa ada, akafika kwa daktari wa anga, akagundua kwamba nyekundu na kijani kwake ni ndugu.

Mkataba niliukataa mara mbili. Walitaka nusu ya ada yote mbele, mimi nikataka kulipia saa kumi kumi. Tukakubaliana ishirini.

Sasa nina saa 151. Mwezi uliopita niliruka peke yangu Wilson, Mombasa, Malindi na kurudi, kutimiza ile safari ndefu ya kilomita 540 yenye kutua viwanja viwili. Mafunzo ya ndege ya injini mbili bado, pesa yake sijaipata, na Kisongo wamenishikia nafasi yangu ya mzani hadi Juni.

Baba hupiga simu jioni. Hajawahi kuuliza kama naogopa.

"Leo mzani umesoma ngapi?"

"Moja nukta mbili, baba."

"Na wewe umeandika ngapi?"